Klachi imekwisha na giaboksi iko chini: urudishe flaiwili ile ile au ufunge nyepesi?

"Kaka, giaboksi nimeshashusha. Pleti imekwisha kabisa na presha nayo haifai. Sasa hii flaiwili ina alama za moto. Tuirudishe hivi hivi, tuipeleke ikakerezwe, au unatafuta nyepesi?"

Flaiwili ni lile gurudumu zito la chuma lililofungwa mwishoni mwa krenki, mhimili mkuu wa injini. Presha huikandamiza pleti ya klachi juu yake, na kuikereza ni kuichonga kwa mashine. Swali la fundi huja wakati mbaya. Gari limeinuliwa, fundi anasubiri jibu, na wewe uko kazini. Wengi hujibu "weka unavyoona," kisha huishi na uamuzi huo miaka minne au mitano hadi klachi nyingine iishe. Maana gharama kubwa ya kazi hii mara nyingi ni ufundi wa kushusha na kupandisha giaboksi. Flaiwili ikishaonekana, iko nyuma ya boliti sita au nane tu. Ukighairi mwezi ujao, unalipa ufundi wote upya.

Ulinganisho huu ni wa mwenye gari dogo la petroli la silinda nne lenye gia za mkono, kama Corolla, Starlet au Impreza. Mwenye dizeli nitamgusia mbele, na jibu lake ni fupi.

Kwanza, uzito ule unafanya nini

Injini ya silinda nne hailisukumi gari mfululizo. Inapiga ngumi, inapumzika, inapiga tena: ngumi mbili kwa kila mzunguko mmoja wa krenki. Kati ya ngumi moja na nyingine krenki inataka kupunguza mwendo. Flaiwili ndiyo inayoukataa upungufu huo, kwa sababu kitu kizito kinachozunguka hakisimami upesi. Pia ndiyo uso ambao pleti ya klachi inaubana, na ndiyo inayobeba meno yanayoshikwa na stata.

Kwa hiyo flaiwili ni ghala la mzunguko. Nzito hujaa polepole na kuisha polepole, nyepesi hujaa haraka na kuisha haraka. Tofauti zote unazozisikia zinatoka hapo.

Watu husema "inaongeza nguvu." Haiongezi. Mwendo ukiwa sawasawa barabarani, flaiwili nzito na nyepesi hazitofautiani hata kidogo kwa nguvu inayofika kwenye matairi. Tofauti ipo wakati injini inapanda au kushuka mizunguko tu, na ukubwa wake unategemea gia uliyomo.

Tupige hesabu. Chukua flaiwili ya kilo 8, kipenyo sentimita 28, ihesabiwe kama sahani iliyojaa sawasawa. Gia ya kwanza iwe na uwiano wa 3.5, difu 4.1, na tairi liwe na nusu kipenyo cha sentimita 30. Ukikanyaga mafuta kwenye gia ya kwanza, kuiharakisha flaiwili hiyo ni sawa na kubeba mzigo wa kilo 180 hivi ndani ya gari. Ukipunguza uzito wake nusu bila kubadilisha umbo, umeshusha kama kilo 90, yaani abiria mmoja mnene. Kwenye gia ya tatu yenye uwiano wa 1.3, nusu hiyo hiyo inakupa kilo 12 tu. Kwenye gia ya tano ya 0.8, haifiki kilo 5.

Namba hizo zinastahili kusomwa mara mbili. Faida karibu yote ya flaiwili nyepesi iko gia ya kwanza na ya pili. Na hasara yake kubwa, ugumu wa kuliondoa gari, iko gia ya kwanza hiyo hiyo. Swali la kujiuliza, basi, ni hili: gia yako ya kwanza inafanya kazi gani kutwa? Inavuta gari kwenye foleni na milimani, au inafyatua gari kwenye barabara iliyo wazi?

Vigezo

Nitazipima njia nne kwa vigezo vitano: kuondoka gari likiwa limesimama; mwitikio wa injini na ubadilishaji wa gia; mtetemo, kelele na mzunguko wa chini wakati gari limesimama, ule ambao mafundi wengi Tanzania huuita sailensa; joto, uimara na usalama; na mwisho gharama, spea, na kama unaweza kurudi ulikotoka.

Njia ya kwanza: ya kiwandani, ikerezwe uso tu

*Kuondoka.* Hapa ndipo inaposhinda nyingine zote. Flaiwili ya kilo 8 ya mfano wetu, kwa mizunguko 1,500 kwa dakika, ina akiba ya kama jouli 970. Ukiachia klachi polepole, akiba hiyo inamwagika kwenye magurudumu na gari linaondoka hata kama mguu wako wa mafuta umechelewa kidogo. Ukipanda kutoka Mombo kwenda Lushoto gari limejaa watu na magunia, halafu lori la mbele likasimama kwenye kona, utaushukuru kila gramu wa uzito huo.

*Mwitikio.* Injini inapanda taratibu, na unapokanyaga klachi ili ubadilishe gia, mizunguko inashuka taratibu pia. Kwa dereva asiye na haraka hilo ni jema, kwa sababu gia ya juu inaingia bila gari kushtuka. Kwa anayependa kupunguza gia kwa kugusa mafuta katikati, injini inaonekana nzito wa kusikia.

*Mtetemo na sailensa.* Tulivu. Mtengenezaji alichagua uzito huo akiijua injini hiyo, taa zake, ac yake na pampu ya usukani.

*Joto na usalama.* Flaiwili nyingi za zamani ni chuma cha kalibu, kile kinachoyeyushwa na kumiminwa. Kinameza joto vizuri, lakini kikipikwa sana na klachi inayoteleza kinaota madoa ya buluu na nyufa nyembamba. Madoa mepesi na mikwaruzo huondoka kwenye kerezo. Nyufa ndefu zinazoelekea kwenye matundu ya boliti haziondoki, na flaiwili ya namna hiyo itupwe. Mkereza mzuri anachukua kidogo iwezekanavyo, na anahakikisha uso uko sambamba na pale flaiwili inapokaa kwenye krenki. Baadhi ya flaiwili zina ngazi: uso wa pleti na uso wa kufungia presha havilingani kimo. Ukishusha mmoja, lazima ushushe na mwingine kwa kiasi kile kile, la sivyo presha itabana kwa nguvu isiyo yake na klachi mpya itateleza au itagoma kuachia.

*Gharama na kurudi nyuma.* Nafuu kuliko zote. Kama imekwisha kabisa, kuna mitumba ya Japani pale Gerezani jijini Dar es Salaam, au Kirinyaga Road jijini Nairobi. Usinunue bila kuigeuza pande zote mbili na kuipitisha rula usoni, maana mbuzi kwenye gunia wa sokoni hapa ni flaiwili iliyokwishakerezwa mara tatu.

Inamfaa anayelitumia gari kila siku, anayebeba mzigo, anayefundisha mtu kuendesha, na gari linaloendeshwa na watu wengi wa nyumba moja.

Njia ya pili: ile ile ya kiwandani, ipunguzwe uzito kwenye kerezo

Njia hii inapendwa kwa kuwa kila mji una fundi kerezo, na bei yake iko juu kidogo tu ya kukereza uso. Ndiyo pia njia ninayoitilia shaka kuliko zote, na sitaficha. Bado inastahili kupimwa kwa haki, kwa sababu ikifanywa vizuri inafanya kazi.

*Kuondoka.* Inategemea ulikotoa chuma. Ukikata karibu na kitovu hubadilishi karibu chochote. Ukikata pembeni, nje kabisa, kila gramu inahesabika sana, kwa kuwa athari inakua na mraba wa umbali kutoka katikati. Ndiyo maana kusema "nimetoa kilo 2" hakumwambii mtu lolote mpaka useme umezitoa wapi. Kilo moja na nusu iliyotoka ukingoni utaihisi kwenye mlima wa kwanza.

*Mwitikio.* Unaboreka kwa kiasi cha kati. Kwa gari la mtaani naona ndicho kiasi kizuri: injini inaamka, lakini haijawa na papara.

*Mtetemo na sailensa.* Yote yako kwenye balansi. Nilipofanya hivi kwenye gari langu, flaiwili ilirudi ikiwa nyepesi na inang'aa, ila hakuna aliyeipima kwenye mashine ya balansi. Mpaka mizunguko 3,000 gari lilikuwa tamu. Kuanzia 3,500 usukani ulinitekenya mikono, na kufikia 4,500 kioo cha ndani kilikuwa hakisomeki. Giaboksi ilishuka tena. Gramu chache upande mmoja wa kitu kinachozunguka mara 75 kwa sekunde ni nyundo, na inagonga beringi za krenki kila mzunguko.

*Joto na usalama.* Hapa naomba msomaji anisikilize. Kwa mizunguko 6,000 kwa dakika, ukingo wa flaiwili ya sentimita 28 unakimbia mita 88 kwa sekunde, zaidi ya kilomita 300 kwa saa. Chuma cha kalibu ni kigumu kikibanwa lakini ni dhaifu kikivutwa, na mzunguko unakivuta kutoka kila upande. Ukikikondesha mno, au ukiacha kona kali iliyokatwa na kisu cha kerezo, unakitengenezea mahali pa kupasukia. Flaiwili ikipasuka, giaboksi haiwezi kuizuia, na miguu ya dereva na abiria wa mbele iko palepale. Usikubali kukereza chuma cha kalibu kilicho na ufa wowote. Usikubali kukondesha nyuma ya uso wa pleti. Na kwa injini inayopandishwa sana mizunguko, kwa mashindano au kwa mazoea, usiitumie kabisa.

*Gharama na kurudi nyuma.* Nafuu, lakini huwezi kurudisha chuma kilichokatwa. Ukijuta utatafuta flaiwili nyingine.

Inamfaa mwenye mkereza anayemwamini kwa macho, mwenye mashine ya balansi karibu, na anayetaka badiliko dogo kwenye gari lisilokimbizwa hadi mwisho wa mizunguko. Akikosa kimojawapo kati ya vitu hivyo, arudi njia ya kwanza au asogee ya tatu.

Njia ya tatu: nyepesi mpya ya feleji

Hii imetengenezwa toka mwanzo iwe nyepesi. Imefuliwa au kuchongwa kutoka kwenye feleji yenye kromu na molibdeni, si chuma cha kalibu. Wembamba wake umepigiwa hesabu, chuma kimeachwa pale kinapohitajika, na kwa kawaida hutoka kiwandani ikiwa imebalansiwa.

*Kuondoka.* Jiandae kujifunza upya. Ikiwa imefika nusu ya ile ya zamani kwa uzito, akiba ile ile ya jouli 970 utaipata kwenye mizunguko 2,100 hivi, si 1,500. Maana yake utaongeza mafuta kabla ya kuachia klachi, na pleti itateleza kwa kasi kubwa zaidi. Kwa mguu uliozoea ni jambo la wiki mbili. Kwa mguu usiozoea ni kuzimika mara tatu kwenye mteremko wa kivuko, watu wakipiga honi nyuma. Zipo pia za theluthi moja tu pungufu, na hizo ni rahisi zaidi kuishi nazo.

*Mwitikio.* Ndiyo sababu ya kuinunua. Gusa mafuta na mshale unaruka, achia na unadondoka. Kupunguza gia kwa kugusa mafuta kunakuwa jambo la kawaida kama kupumua. Lakini jua upande wa pili: ukibadilisha gia polepole kama zamani, mizunguko itakuwa imeshashuka chini mno na gari litashtuka. Flaiwili nyepesi inadai mkono mwepesi.

*Mtetemo na sailensa.* Gari likisimama kwenye taa utasikia giaboksi ikilia kama changarawe kwenye kopo, na ukikanyaga klachi sauti inakata. Ni meno ya gia yanayogongana, kwa sababu mdundo wa injini haufyonzwi tena kama mwanzo. Mara nyingi haiharibu kitu, ila ukinunua bila kujua utamfuata fundi na lawama zisizo zake. Pleti yenye springi katikati hupunguza sauti hiyo. Pleti ngumu isiyo na springi huizidisha, na kwa gari la mtaani sioni sababu ya kuifunga pamoja na flaiwili nyepesi. Sailensa inaweza kuyumba ac inapowaka. Kwenye magari ya karibuni kompyuta hutambua silinda iliyokosa moto kwa kuangalia krenki inavyoyumba, kwa hiyo flaiwili nyepesi inaweza kuwasha taa ya cheki injini ilhali plagi zote ni nzima.

*Joto na usalama.* Feleji nzuri inastahimili mivuto ambayo chuma cha kalibu hakiwezi. Tafuta yenye alama ya SFI 1.1, kipimo cha usalama cha Marekani kwa flaiwili na klachi za mbadala. Uzito mdogo, hata hivyo, ni chuma kidogo cha kumeza joto. Klachi ikiteleza kwa muda mrefu kwenye foleni, uso wake unachemka upesi kuliko wa ile ya zamani.

*Gharama na kurudi nyuma.* Ghali, na kwa kawaida ni ya kuagiza. Uzuri ni kwamba ile ya zamani inabaki salama kwenye stoo. Ipake grisi nyembamba isishike kutu.

Inamfaa anayependa kuendesha, anayeshiriki mashindano ya mwishoni mwa wiki, na gari ambalo dereva wake ni mmoja.

Njia ya nne: ya alumini

*Kuondoka.* Yote niliyosema kuhusu feleji nyepesi, ongeza kidogo. Alumini ina uzito wa gramu 2.7 kwa sentimita moja ya ujazo, feleji 7.85. Hapa tunazungumzia flaiwili ambayo inaweza kushuka chini ya nusu ya uzito wa kiwandani, na kwenye mwinuko utaikumbuka kila siku.

*Mwitikio.* Mkali kuliko zote. Unapoona gari la rali likipiga kona kwenye vumbi la Naivasha, Safari Rally iliporejea kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, injini ikipanda na kushuka kama pumzi ya mkimbiaji, siri yake mojawapo ni kutokubeba uzito unaozunguka bure. Dereva yule, lakini, anaondoka mara chache na anakimbia muda wote. Wewe Mandela Road unaondoka mara mia kabla ya kufika kazini.

*Mtetemo na sailensa.* Sawa na feleji nyepesi au zaidi. Injini ya silinda sita, inayopiga ngumi tatu kwa kila mzunguko, inaivumilia vizuri kuliko ya silinda nne.

*Joto na usalama.* Wengi hudhani alumini ni mbovu kwa joto. Si hivyo moja kwa moja. Kilo moja ya alumini inameza joto karibu mara mbili ya kilo moja ya feleji, na inalisambaza upesi. Tatizo liko kwingine: alumini ni laini, haiwezi kusuguliwa na pleti, kwa hiyo wanaibandika sahani ya feleji usoni kwa skrubu au ribiti. Joto linazaliwa kwenye sahani nyembamba na lazima livuke ungio kuingia kwenye alumini. Na alumini ikipata joto hutanuka karibu mara mbili ya feleji. Klachi ikichomwa mara kwa mara, sahani inaweza kupinda au kulegea. Habari njema ni kwamba sahani hiyo hubadilishwa peke yake, mradi uweze kuipata.

*Gharama na kurudi nyuma.* Mradi uweze kuipata, narudia. Kabla ya kununua, uliza bei ya sahani ya akiba na muda wa kuifikisha mlangoni kwako. Kama jibu ni kusitasita, nunua flaiwili na sahani ya pili kwa pamoja, au acha.

Inamfaa mwenye gari jepesi la mashindano ya lami au la furaha ya Jumapili, lisilobeba mzigo na lisilokaa foleni.

Kama flaiwili yako ni ya vipande viwili

Magari mengi ya Ulaya, na dizeli nyingi za karibuni, hutoka kiwandani na flaiwili ya vipande viwili vilivyounganishwa kwa springi ndefu ndani ya grisi. Baadhi ya Hilux zenye injini ya dizeli ya 1KD-FTV ni hivyo. Kazi ya springi hizo ni kumeza midundo mizito isifike kwenye giaboksi. Kwa kawaida flaiwili hizi hazikerezwi: zikilegea kupita kipimo cha kiwanda hubadilishwa nzima, na bei yake inauma.

Ndipo watu hufunga flaiwili ya kipande kimoja pamoja na pleti yenye springi kubwa. Inawezekana, inapunguza gharama za baadaye, na kwa gari linalofanya kazi porini mbali na spea ni uamuzi wenye mantiki. Utailipa kwa kelele na mtetemo. Lakini chagua kipande kimoja *kizito*. Dizeli inabana hewa kwa nguvu kubwa na kupiga ngumi nzito kwenye mizunguko ya chini. Flaiwili nyepesi juu ya dizeli ya kubebea mzigo ni kuilazimisha giaboksi ifanye kazi ya springi.

Kabla ya kutoa pesa

Hesabu meno ya stata kwenye ile ya zamani na mpya, na hesabu matundu ya boliti za krenki. Pima kipenyo cha pleti: kwenye familia ya injini za 4A za Toyota peke yake zimetumika pleti za milimita 200 na za milimita 212, na presha ya moja haikai kwenye flaiwili ya nyingine. Kama gari lako linasoma mzunguko wa krenki kutoka kwenye alama za flaiwili, mpya lazima iwe na alama hizo hizo mahali pale pale, vinginevyo injini haitawaka. Kwenye injini ambazo flaiwili ni sehemu ya balansi ya krenki, kama zile za rota za Mazda, flaiwili nyepesi huhitaji uzito wa ziada wa kusawazisha.

Wakati wa kufunga, tumia boliti mpya pale kitabu cha gari kinapotaka, na zikazwe kwa spana yenye kipimo, kwa mpangilio wa msalaba. Boliti zinazopenya hadi kwenye oili zipakwe gundi ya nyuzi. Badilisha sili ya nyuma ya krenki sasa, maana ikivuja baadaye oili itatua kwenye pleti mpya. Uso wa flaiwili usafishwe kwa dawa ya kusafishia breki, si petroli wala dizeli, na asiuguse mtu kwa vidole vyenye grisi.

Kwa hali yako

Gari ni la familia, linapita foleni asubuhi na jioni, na mwezi mara moja linakwenda kijijini likiwa limejaa: kereza uso wa ile ya kiwandani. Fedha uliyookoa nunua presha na pleti za daraja zuri.

Ni teksi, gari la mizigo midogo, au linavuta tela: hivyo hivyo, na usishawishike.

Unaishi mahali pa vilima, Lushoto, Bukavu, Kigali, na gari lina injini ndogo: ya kiwandani. Kama umeshaamua lazima ipungue, isizidi theluthi moja, na iwe ya feleji.

Gari ni lako peke yako, barabara zako ni wazi, unafurahia kubadilisha gia, na kelele kidogo kwenye taa hazikukeri: feleji nyepesi ya kiasi, na pleti yenye springi.

Una bajeti ndogo na hamu ya badiliko, na mkereza wako ana mashine ya balansi: njia ya pili, kwa mkono mwepesi, chuma kitoke pembeni tu, nawe uwepo kushuhudia inavyobalansiwa.

Gari ni la mashindano na linaletwa uwanjani juu ya tela: alumini au feleji nyepesi kabisa, kwa kadiri ya kanuni za daraja lako. Kama mashindano ni ya vumbi na milima, wengine hurudi kwenye uzito wa kati, kwa kuwa gurudumu linapopoteza mshiko injini isiyo na uzito hupaa ghafla na kuzima ghafla.

Kama bado huna hakika na fundi anasubiri kwenye simu, mwambie aikereze ile ya zamani kidogo kabisa, aipime ngazi, afunge. Uzito ukiwepo bado unaweza kuupunguza klachi ijayo.